Mbayuwayu Wanaorudi

Mdogo wake alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba cha marehemu mama yao, chaki mkononi, futi ya kupimia imelala mbele yake kama nyoka aliyeshiba.

"Mashine ya kwanza hapa," alisema, akachora mstari. "Ya pili pale dirishani. Meza ya kukatia itakaa huku. Fundi cherehani mwenyewe kasema chumba chenye mwanga kama huu hajapata kukiona."

Dada mtu alisimama mlangoni na kikapu cha karatasi kifuani. Kazini kwake kwa dobi, alikokunja mashuka kutwa nzima mpaka pembe zote nne zikasalimiana, wenzake walimwita Mkunjo, na jina hilo lilimfuata hadi nyumbani. Hakuwa msemaji. Alizitazama alama za chaki kama mtu anayetazama nyayo za mgeni aliyepita bila kubisha hodi.

"Na ndege wangu?" aliuliza mwishowe.

Mdogo wake akainua macho. Darini, kila mmoja kwenye uzi wake, walining'inia mbayuwayu wa karatasi: karatasi za kalenda zilizopitwa na wakati, za mifuko ya unga, za vipande vya pembeni ambavyo mpiga chapa wa mtaa wa pili alikuwa akivitupa. Upepo mdogo wa dirishani uliwazungusha polepole, wote upande mmoja, vichwa vyao vikipita juu ya kitanda kutoka dirishani kuelekea mlangoni, kana kwamba huko nje kuna mtu aliyewaita kwa sauti ya chini na wao ndio kwanza wameisikia.

"Dada, sikufukuzi. Nyumba ni yetu sote. Lakini chumba kisichofanya kazi ni kama jino bovu: kipo, kinakula nafasi, na malipo yake maumivu."

Aliposema hivyo aligusa shavu lake bila kujijua. Jino lake la nyuma lilimsumbua tangu zamani. Alitafuna upande mmoja kama mbuzi mzee, na yeyote aliyemtajia daktari alinuniwa wiki nzima. Ghalani alikopima magunia walimwita Mizani, na walisema hakuna kitu anachokiogopa duniani isipokuwa koleo la daktari wa meno.

"Na ndege wakiwa ndiyo kazi yenyewe?" akauliza Mkunjo.

"Kazi ni ile ambayo mtu baki anaifuata mlangoni. Hii ni starehe yako, na sikulaumu." Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Haya. Fundi anahamia mwezi ukiisha. Kabla ya hapo, akija mtu baki, si shangazi wala jirani, akasema nataka ndege hawa, kisha akaja wa pili kwa sababu ya wa kwanza, mimi mwenyewe nitaifuta chaki hii kwa ulimi. Mmoja ni huruma, dada. Wawili ndiyo biashara."

"Kitambaa kinatosha," alisema Mkunjo, akakiweka kikapu chini, nje ya mistari.

*

Ndege hao walianza na mama. Alikuwa akiwakunja alasiri, kazi zikiisha, mwanga ukiwa umelala chali juu ya meza. Mapajani mwake, wakati huo, hapakukosa mtoto: Mizani, kitindamimba, aliyekataa kulala popote isipokuwa hapo. Kwa hiyo binti alikaa ng'ambo ya meza juu ya debe lililopinduliwa, akiangalia vidole vya mama na kuvifuata. Mkono wa mama wa kulia ukienda huku, naye anapeleka mkono uliokuwa upande huohuo, yaani wake wa kushoto. Hakuna aliyemwambia. Alijifunza kama mtu anavyojifunza kunyoa ndevu kwenye kioo.

Ule mkunjo wa mwisho wa karatasi ndio unaompa ndege roho. Ncha ya bawa moja hupindwa juu, ya pili chini, kidogo tu, kama mtu anayekonyeza jicho. Hapo ndipo uzi unapojua uzunguke wapi. Siku mbayuwayu wa binti alipotundikwa kwa mara ya kwanza kando ya wa mama, mmoja aligeukia mlangoni na mwingine akatoka mlangoni kuja ndani. Binti alitaka kulia. Mama akacheka, akampangusa pua.

"Wako wanakwenda," alisema. "Wangu wanarudi. Nyumba inawahitaji wote wawili."

Miaka ikapita juu yao kama maji juu ya mawe. Mama alipofariki, masika yaliyofuata paa lilivuja pembeni, hasa pale walipokuwa wametundikwa wa kwake. Asubuhi Mkunjo aliwakuta sakafuni wamekuwa uji. Alijaribu kuwakunja upya. Alikaa juu ya kiti cha mama, akabadilisha mikono, akafunga macho. Vidole vilikataa. Ni kama kumwambia mtu aandike jina lake kinyumenyume huku akiimba. Tangu hapo chumba kilijaa ndege waliokwenda, wakaenda, wakaenda, na hapakuwa na hata mmoja aliyerudi. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambiaje? Karatasi ni karatasi.

*

Siku chache baada ya chaki, mpeleka nguo wa dobi aliugua, na Mkunjo akatumwa kupeleka makoti meupe ya daktari wa meno.

Alimkuta daktari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kubembeleza, amelala mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, viatu kavua, anatazama juu. Kwa mazoea ya kuzungumza na watu wenye midomo iliyojaa vyuma, alikuwa akiuliza maswali na kujijibu papo hapo.

"Umeleta makoti? Umeleta. Yamenyooka? Yamenyooka. Hebu njoo, dada yangu, unisaidie. Pale juu unaona nini?"

Mkunjo akatazama. Dari lilikuwa jeupe, na katikati palikuwa na doa la maji la rangi ya chai.

"Koleo," alisema.

Daktari aliinuka kama aliyechomwa sindano. "Koleo! Miaka yote hii watu wanaanza kulia kabla sijawagusa, nikadhani ni sura yangu!" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wiki ijayo napaka rangi. Lakini rangi peke yake haitoshi. Mtu akilala hapa hana pa kukimbilia ila juu. Ningeweka nini? Picha? Picha inachosha."

Mkunjo mwenyewe alishangaa kusikia sauti yake.

"Mimi nina ndege."

*

Daktari alitaka kundi zima, dari lote, la karatasi nyeupe na ya samawati. Mikono miwili isingeweza kwa siku zilizobaki, hata kama ingekesha. Mkunjo alilipima jambo hilo taratibu, kama alivyopima kila kitu, na kila alikopita aliishia kwa mtu mmoja: mke wa Mizani, msusi, ambaye vidole vyake viligawa nywele kama maji yanavyogawa mchanga, na ambaye ulimi wake nao haukuwa nyuma.

"Wifi, nisikufiche," alisema msusi, akivua kandambili mlangoni. "Hivi vitu vyako nimevicheka miaka."

"Nimekusikia miaka."

"Na bado unaniita?"

"Una vidole."

Msusi akaguna kwa furaha aliyojaribu kuificha. "Usinisifu mapema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikae wapi?"

"Kaa hapa, mbele yangu. Tazama mikono, usitazame karatasi."

Basi alasiri zile zikawa za ajabu. Wawili hao walikaa, meza katikati yao, alama za chaki chini ya miguu yao, na mwanga ukiingia polepole kama mgeni mwenye adabu. Mkunjo alikunja, msusi akafuata. Mgongo wa kijiko ulipita juu ya kila mkunjo, ukilia kidogo, fiii. Kuna wakati mikono ilikwenda yenyewe tu, na chumba kikaonekana kama kimeinuka kutoka ardhini, kinaelea juu ya mtaa, sauti za wachuuzi na baiskeli zikipita mbali huko chini. Kisha msusi aliamka kutoka katika ndoto hiyo na kusema jambo.

"Nywele zina mwenyewe, ukivuta sana analia. Karatasi inavumilia tu. Kama wewe, wifi."

"Karatasi hailii. Inachanika."

"Ehee! Hiyo nimeisikia. Nitapunguza maneno."

Hakupunguza.

Kila ndege wa msusi, Mkunjo alimkagua akiwa bado mikononi mwa mwenzake, ng'ambo ya meza. Kila mmoja alimwona sawasawa: bawa hili juu, lile chini, vilevile kama wa kwake. Akaitika kwa kichwa. Msusi akamlaza kwenye boksi la viatu, uzi umezungushwa kwenye kipande cha kadibodi, na hakuna aliyetundikwa hata mmoja, maana upepo na vumbi vingewachafua kabla ya siku yao. Maboksi yakajaa, yakapangwa ukutani.

Mizani alipita jioni, akachungulia, akahesabu maboksi kwa macho.

"Huyu ni wa kwanza," alisema. "Namkubali. Wa pili je?"

"We nenda kapime magunia yako," mkewe akamjibu. "Shavu limevimba kama andazi, halafu linauliza maswali."

*

Walitundika siku kliniki ilipokuwa imefungwa, rangi mpya ikinuka bado. Daktari aliwaachia ufunguo. Msusi alipanda ngazi, Mkunjo akampa nyuzi moja baada ya nyingine, na walipomaliza Mkunjo akafungua dirisha na kuwasha feni kwa mwendo mdogo kabisa.

Kwanza ndege walitikisika tu, kama watu wanaoamshwa. Kisha wakaanza kuzunguka.

Wengine walizunguka huku. Wengine kule. Hawa wakigeuka kuelekea mlangoni, jirani zao wakawapita wakija ndani. Dari lote lilikuwa limegawanyika kama watu sokoni, kila mtu na njia yake. Kule kwa dobi, shuka moja likikunjwa kinyume, rundo zima hurudishwa mezani. Hii haikuwa kazi ya kumpa mtu baki. Hii ilikuwa kazi ya watoto. Aliona fundi cherehani akiingiza mashine zake moja baada ya nyingine, miguu ya chuma ikikaa juu ya chaki.

"Wa kwako wamepinduka," alisema. Sauti haikupanda, na ndiyo maana iliuma.

Msusi alibaki juu ya ngazi. "Nilifanya kama wewe. Uliwaona wote!"

"Niliwaona."

"Basi?"

"Sijui. Tuwateremshe. Wa kwako wote."

Msusi alishuka kimya, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Hakwenda kuchukua maboksi. Alikwenda kwenye kiti cha wagonjwa, akajitupa hapo kwa uchovu na uchungu, miguu juu, na macho yakaenda mahali pekee yanapoweza kwenda mtu akilala pale.

Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Wifi. Kabla hujanitolea ndege wangu, hebu njoo ulale hapa."

"Sina muda."

"Njoo, mama. Wanapishana mlangoni, kama watu wa nyumba moja."

Mkunjo alilala. Kiti kilikuwa baridi, kisha kikawa vuguvugu. Juu yake mbayuwayu weupe na wa samawati walipita, na kutoka hapo chini hapakuwa na fujo tena. Wa kwake walikwenda. Aliwafahamu mmoja mmoja. Na katikati yao walipita wale wengine, vichwa vyao vikitoka mlangoni, wakiingia, wakiingia, bila haraka, kwa ule mzunguko ambao vidole vyake vilikuwa vimeutafuta vikaukosa.

Hakuelewa mara moja. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama anavyokunjua karatasi ili ajue ilikunjwaje. Meza. Yeye upande huu, msusi upande ule. Mkono wa huyu na mkono wa yule. Debe lililopinduliwa. Aliyejifunza kwenye kioo alikuwa amefundisha kwenye kioo, na kioo cha kioo ni uso wenyewe.

"Wifi, unalia? Basi tutawatoa, usilie."

"Asitoke hata mmoja," alisema Mkunjo.

*

Daktari aliwapenda. Aliuliza kama anawapenda, akajijibu kwamba anawapenda mno. Lakini siku zilikwenda na wa pili hakuja. Wagonjwa walilala, wakatazama, wakatoka na mashavu yao. Mmoja alisinzia ikabidi aamshwe ili afungue mdomo. Hakuna aliyeuliza nani amewakunja; mwenye jino linalouma haulizi mengi. Mwezi ulikuwa umebaki kipande kama ukucha, na fundi alileta kwanza cherehani moja, akaiacha barazani imefunikwa turubai.

Asubuhi ya siku mashine nyingine zilipokuwa zije, Mizani aliamka na uso usiojulikana ni wa nani.

"Leo utakwenda," alisema mkewe, "hata kama ni kwa kubebwa kwenye gunia lako na kupimwa."

Alikwenda, lakini kwa sharti kwamba dada yake aje. Hakusema kwa nini. Mkunjo alikaa kwenye kibago kando ya kiti, ameshika kofia ya mdogo wake, na mdogo wake ameshika kidole chake kimoja, kama zamani alipokuwa akivushwa barabara. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote.

"Tunaogopa? Tunaogopa," alisema daktari. "Ganzi imeingia? Imeingia. Sasa fungua mdomo, bwana mkubwa. Na macho pia, mimi sipendi kufanya kazi na mtu asiyekuwepo."

Mizani alifungua mdomo. Kisha jicho moja. Kisha la pili.

Mkunjo alihisi mkono uliomshika ukilegea. Mwili wote wa mdogo wake, ule mwili mkubwa uliozoea kubeba, ulizama kwenye kiti kama mtoto anayezama mapajani. Macho yalikuwa juu, wazi, hayapepesi. Daktari aliingiza koleo, akavuta, na Mizani hakujua. Polepole aliinua kidole. Kilimfuata mbayuwayu mmoja aliyekuwa akirudi. Kikamwacha, kikaruka juu ya wale wa dada yake, kikamfuata mwingine anayerudi, na mwingine. Hakukosea hata mara moja.

"Unauliza nani kawatengeneza?" alisema daktari. "Dada yako huyu na mkeo. Wazuri? Wazuri."

Mizani alitikisa kichwa: siyo hilo. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi masikioni, na daktari, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na jibu, akamtazama Mkunjo.

Mkunjo alikuwa amesahau jambo moja miaka yote. Alidhani amebaki peke yake anayewakumbuka wale ndege. Lakini yeye alivijua vidole tu, kutoka ng'ambo ya meza. Aliyewajua ndege wenyewe, aliyelala chini yao kila alasiri mpaka usingizi ukamchukua, ni huyu.

*

Walipofika nyumbani fundi cherehani alikuwa ameketi barazani na mashine zake zote, anangoja ufunguo. Mizani, pamba mdomoni, midomo imekufa ganzi, alimshika mkono kwa heshima, akamwonyesha kwa vidole: ghalani, pembeni, kipo chumba, dirisha kubwa, mimi nitasema na bosi. Fundi hakuelewa neno ila alielewa mkono, na baadaye alikaa huko ghalani miaka, akiwashonea mpaka magunia.

Kisha Mizani akaingia chumbani kwa mama. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo, akapiga magoti palepale alipopiga magoti mwanzo, akaanza kufuta.

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hee! Si ulisema kwa ulimi?"

Mizani aliuonyesha mdomo wake uliovimba, akakunjua mikono: ulimi wenyewe uko wapi?

"Na si ulitaka wa pili? Wa pili hajaja."

Mizani alifuta mstari wa mashine ya kwanza, na wa pili dirishani. Wa pili mwenyewe alikuja baadaye, daktari wa watoto aliyekuwa na jino la kuziba, akafuatwa na mwenye duka la miwani na mwalimu wa chekechea, na ikabidi meza iongezwe. Wasichana walioajiriwa walishangaa kwamba katika kazi ile hakuna anayeruhusiwa kukaa kando ya anayemfundisha. Ni lazima akae mbele yake. Ungemuuliza, Mkunjo angesema tu kwamba ndege wanahitajika wote.

Lakini siku hiyo hapakuwa na mtu wa pili. Palikuwa na sakafu mbichi, inang'aa, na mwanga umelala chali juu yake. Msusi alikuwa ametoa ndege mmoja wa kwake aliyesalia kwenye boksi, anatafuta pa kumtundika. Mkunjo alimwonyesha pembeni, pale paa lilipowahi kuvuja.

Mizani alimaliza mstari wa mwisho. Hakuinuka. Alijilaza kwenye sakafu yenye maji, shati na yote, pamba mdomoni, akatazama juu.

"Utapata mafua, wewe!" alisema mkewe.

"Mwache," alisema Mkunjo, akafungua dirisha.